Mizani ya Hakri

Ilikuwa mizani ya watoto wachanga,
ile ya kuning'iniza, ya zahanati ya bondeni,
uso wake umechubuka kwenye saba,
suruali yake ya turubai imechanika mapajani.
Muuguzi aliitupa. Hakri akaiokota.

Mimi nilifika kwa pikipiki ya ofisi,
fukoni vijikaratasi vyenye picha ya mbuzi anayetabasamu,
na mbegu za nyasi. Za mwaka jana ziliota vizuri sana,
zikaliwa siku moja, kabla hatujazipiga picha.
Mgeni njoo, mwenyeji apone.
Mwenyeji alikuwa akishona.

Gunia la katani, matundu manne ya miguu.
"Mjukuu wangu alipimwa humu," alisema bila kuinua kichwa,
"wakaniambia amepungua nusu kilo, nikalia.
Nikajiuliza: mbona uzito wa mtoto unajulikana
na wa mbuzi anayemlisha haujulikani?"
Nilitafuta jibu katika vijikaratasi.

Katika vilima hivi vya Aravali mbuzi huuzwa kwa kiganja.
Ganpat hupanda na gari lake Jumatatu,
hubonyeza mgongo, hubonyeza kiuno,
hufumba jicho moja kama mtu anayeonja chumvi,
husema: kumi na nne.
Macho hayana pazia; ya Ganpat hayana hata jiwe.
Kumi na nne, na mwenye mbuzi anaitika,
maana deni la mahindi lina meno,
maana sotoka ilipita Agosti
ikaacha kamba tupu kwenye vigingi.

Jumatatu ile Hakri alitundika mizani kwenye mwarobaini.
Beberu wa madoa akaingizwa guniani,
akalia kama anayechinjwa, akakojoa,
mshale ukatetemeka, ukasita,
ukatua kwenye ishirini na mbili.
Hata kuku walinyamaza, au hilo nimeliongeza mimi.
Ganpat akacheka, akawasha gari, akaondoka.

Wiki ya kwanza hakurudi. Ya pili pia.
Haya sikuyaandika kwenye ripoti:
kwamba kisimani wanawake walimpa Hakri mgongo;
kwamba Navli, mwanawe akiungua homa,
alimshusha mbuzi wake barabarani usiku,
akamwuza kwa kumi na moja, gizani, bila kupimwa;
na asubuhi Hakri akampelekea maziwa,
wasizungumze habari ya bei.

Wiki ya nne Ganpat alikuja na mizani yake,
mpya, ya betri, namba nyekundu.
"Mnataka ya kisasa? Hii hapa."
Beberu yuleyule: kumi na saba.
Vijana wakaanza kutikisa vichwa kukubali,
kwani taa inasemaje uongo?
Hakri akaingia ndani, akatoka na jiwe la kusagia pilipili.
"Hili lilipimwa zahanati. Kilo tano kamili.
Lining'inize."
Namba nyekundu zikasoma tatu nukta tisa.
Safari hii hakuna aliyecheka,
na hilo ndilo lililomtoa Ganpat jasho.

Sasa jiwe linatembea.
Alhamisi hufungwa kwenye pindo la ushungi,
likavuka mto mkavu kwenda kijiji cha pili.
Nami nimepewa kazi yangu, waziwazi:
"Chanjo ilete Mei, na barafu yake.
Ukija Septemba utachanja ngozi."

Ofisini kuna fomu. Safu ya nne inauliza:
Ubunifu ulioletwa na mradi.
Siku ya tatu leo, bado iko wazi.

Jana nilimkuta amemning'iniza mjukuu katika gunia la mbuzi,
mtoto ananuka beberu, anarusha miguu, anacheka.
Mshale: kumi na moja na nusu.
Hakri akambonyeza kiuno, akafumba jicho moja,
akaikaza sauti yake kama ya Ganpat:
"Saba!"
Na Navli, aliyekuwa akipepeta mahindi pembeni,
akadakia, "Hata kwa mia hauzwi."